Langoni "Mbwa Kali", ndani mbwa mwoga: funzo la siku kumi Nyanchwa

Alasiri moja ya mvua mwaka uliopita, hapa Nyanchwa, mtaa ulio kilimani kando ya mji wa Kisii, mtoto wa jirani yangu aliumwa na mbwa. Ana miaka saba. Mpira wake ulibingiria chini ya tangi la maji, akainama kuufuata. Huko chini alikuwamo mbwa jike wa rangi ya udongo, amejikunja kwa kuogopa radi. Mtoto alinyoosha mkono. Mbwa hakuwa na pa kurudi nyuma, akauma.

Jeraha lenyewe lilikuwa dogo, alama za meno mawili kiganjani. Lakini kabla damu haijakauka, wanaume sita walikuwa wamefika na rungu, mawe na panga.

Mimi ni mtu wa Mombasa. Kazi ndiyo iliyonileta huku bara, na nimelelewa kwetu ambako mbwa akikaribia baraza hufukuzwa kwa kandambili kabla hajapiga hatua ya pili. Ndugu zangu wanaosoma ukurasa huu watashangaa kusikia kwamba niliyesimama mbele ya tangi lile ni mimi. Sitajisifu kwa huruma ambayo sikuwa nayo. Nilichouliza kilikuwa swali la hesabu: "Mkimuua sasa, tutajuaje kama ana kichaa?"

Swali hilo ndilo linalonifanya niandike leo, kwa sababu linahusu Kisii kama linavyohusu Likoni, Kisauni, Malindi na Kwale.

Kichaa cha mbwa kikishaonyesha dalili kwa binadamu, karibu kila mara humalizikia kaburini. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa ugonjwa huu huua takriban watu 59,000 kila mwaka, wengi wao Afrika na Asia, na kwamba katika kila visa 100 vya binadamu, 99 hutokana na mbwa. Kwa Kenya, makadirio yanayotajwa mara nyingi ni vifo vya hadi watu 2,000 kwa mwaka. Na miongoni mwa wanaoumwa na wanyama wanaoshukiwa, wanne kati ya kila kumi ni watoto walio chini ya miaka 15.

Lakini ugonjwa huo una udhaifu wake. Mbwa anayeweza kuambukiza kwa mate huwa tayari anakaribia kuugua waziwazi, na akishaugua hamalizi siku nyingi. Ndiyo maana madaktari husema mbwa aliyeuma, kama anaweza kushikwa bila hatari, afungiwe na kuangaliwa kwa siku kumi. Akiwa mzima siku ya kumi, hakuwa na ugonjwa kwenye mate siku aliyouma. Anayeumwa hangoji siku hizo. Huoshwa jeraha kwa maji mengi na sabuni kwa dakika 15 na kuanza sindano mara moja. Ila mbwa akitoka salama, daktari anaweza kusitisha zile zilizobaki, na mama mzazi anaweza kulala usingizi.

Mbwa akiuawa na kutupwa shimoni, jibu hufukiwa pamoja naye.

Basi mtoto tulimwosha hapohapo mferejini, yeye akilia na nyanya yake akihesabu dakika kwenye simu. Baba yake alimpeleka kituo cha kwanza, akaambiwa chanjo imekwisha. Akaipata cha pili, jioni ikiwa imeingia, baada ya kukopa nauli na pesa za sindano. Mbwa akabaki swali. Nani atakaa naye siku kumi?

Kila mtu aliangalia viatu vyake. Nikajikuta nimesema: nyuma ya nyumba yangu kuna banda la kuku lisilo na kuku. Mama mwenye nyumba aliniangalia kama aliyeona jini. "Mwalimu," akasema, "siku kumi tu. Ya kumi na moja simtaki hapa." Daktari wa mifugo, ambaye huku wengi humwita daktari wa ng'ombe, alikuja na kitanzi cha fimbo ndefu, akamwingiza bandani, akafunga mlango wa wavu. Akaniachia amri tatu: usimguse, usiruhusu mtoto kukaribia, chakula kisukume kwa kijiti.

Mbwa huyu hakuwa mgeni. Alikuwa wa mpangaji aliyehama miezi kadhaa nyuma na kumwacha. Alipokuwa na mwenyewe alifungwa mnyororo mchana kutwa karibu na lango na kufunguliwa usiku. Juu ya lango hilo kuna kibao ambacho kila Mkenya anakijua: MBWA KALI. Watoto wa ploti walimwita Simba, kama walivyomwita kila mbwa aliyemtangulia, ingawa ni jike na hata jogoo alikuwa akimfukuza.

Ukimtazama shingoni uliona duara lisilo na manyoya, alama ya mnyororo. Mkia wake ulikuwa umebanwa tumboni. Alilala kwenye kona ya mbali kabisa, uso ukutani. Siku ya kwanza hakula wala kunywa mbele ya mtu.

Hapo nikafanya makosa ambayo watu wengi wenye nia njema hufanya. Nilichuchumaa mlangoni nikamwita kwa sauti ya kubembeleza, nikamkazia macho ili aone kwamba simchukii. Akajikojolea. Kesho yake nikarudia, nikiamini wema ukizidi utamfikia. Akaanza kutetemeka hata kabla sijafika, kwa kusikia tu kandambili zangu.

Daktari aliporudi kumkagua, akacheka kidogo. Kwa mbwa, alinieleza, anayekukazia macho na kukuinamia ni anayetaka kukushambulia. Kupiga miayo bila usingizi, kulamba midomo bila chakula, kugeuza uso, kuganda kama gogo: hizo zote ni lugha ya mnyama anayesema "niondokee". Asipoondokewa, huunguruma. Akipigwa kwa kuunguruma, hujifunza kutounguruma, na siku nyingine atauma bila onyo. "Yule mtoto," akaniambia, "alionywa mara nne. Hakuna aliyemfundisha kusoma."

Nikabadilisha mwenendo. Asubuhi na jioni, saa zilezile, nilileta ugali uliochanganywa na omena, wale dagaa wa ziwa. Nikausukuma ndani, nikakaa kando kwenye kigoda, ubavu ukimwelekea, macho kwenye daftari za wanafunzi. Dakika kumi, kisha naondoka bila kusema neno. Siku ya nne alikula nikiwa bado nimekaa. Siku ya sita alinyanyuka kabla sijafika. Siku ya nane radi ilipiga kama inavyopiga hapa karibu kila alasiri ya msimu wa mvua, na badala ya kugeukia ukuta alikuja akalala karibu na wavu, upande wangu.

Fikirini jambo hili. Amri ya kutomgusa ilitolewa kwa ajili ya kujikinga na ugonjwa. Kumbe ndiyo iliyokuwa dawa yake. Kwa mara ya kwanza katika maisha yake, siku kumi zilipita bila mkono wa binadamu kumvuta, kumfunga wala kumrushia kitu. Kuja ama kutokuja kulikuwa hiari yake.

Siku ya kumi alikuwa mzima. Akachanjwa. Daktari wa mtoto akaarifiwa. Mama mwenye nyumba akaja kuchungulia na kusema, bila kunitazama, kwamba kwa kuwa banda lilikuwa tupu hata hivyo, si lazima iwe leo.

Nimesimulia kisa hiki kirefu kwa sababu kina jambo ambalo mipango yetu ya afya hailizingatii vya kutosha.

Kenya ilizindua mwaka 2014 mkakati wa kutokomeza vifo vya binadamu vinavyotokana na kichaa cha mbwa ifikapo 2030. Nguzo yake kuu ni kuchanja angalau asilimia 70 ya mbwa, mwaka baada ya mwaka, kiwango ambacho maambukizi hukosa njia ya kuendelea. Makueni ni miongoni mwa kaunti zilizochaguliwa kuanza. Mwaka 2030 si mbali tena.

Siku ya chanjo hufanyika hivi: gari la mifugo linaegeshwa uwanja wa shule, tangazo linapita kwa kipaza sauti, watu wanaambiwa walete mbwa. Wanaokuja ni mbwa wanaoweza kuletwa. Mbwa ambaye mwenyewe hawezi kumshika, ambaye hajawahi kuvaa kamba isipokuwa ya kuadhibiwa, anabaki chini ya tangi. Watafiti wa Afrika Mashariki wamelitaja hili mara nyingi miongoni mwa sababu za mbwa kutochanjwa: si kwamba hawana wenyewe, bali wenyewe hawawezi kuwashika. Wengi wa hao tunaowaita mbwa koko wana nyumba wanakolala. Wanachokosa ni mtu wanayemwamini.

Kwa hiyo hofu ya mbwa ni suala la afya ya umma, na haifai kuachiwa wazungu na watu wenye nafasi. Mbwa mwoga ndiye anayeuma mtoto, na huyohuyo ndiye asiyechanjika. Tunamfanya mwoga kwa mnyororo na mawe tukidhani tunamfanya mlinzi, kisha tunaandika langoni kwamba ni mkali.

Kwamba kazi hii inawezekana, tuna ushahidi wa jirani. Kisiwani Pemba, ambako wakazi karibu wote ni Waislamu na mbwa hana heshima kubwa mtaani, kampeni za kuchanja mbwa zilizorudiwa mara kwa mara ziliung'oa ugonjwa huo mwaka 2014. Ukaingia tena 2016 baada ya kampeni kulegea. Chanjo zikarudishwa, na kufikia mwisho wa 2018 ukakatika tena. Wapemba hawakugeuka kuwa wapenzi wa mbwa. Mwenye mbwa wa kulinda shamba alimpeleka kuchanjwa, basi.

Tatizo la pili ni la kisheria, na hapa naomba viongozi wa kaunti wasome polepole. Katiba ya 2010, Jedwali la Nne, Sehemu ya Pili, inazipa kaunti udhibiti na maslahi ya wanyama. Inataja waziwazi mambo mawili: kutoa leseni za mbwa, na vituo vya kuwahifadhi, kuwatunza na kuwazika wanyama. Sheria ya Kuzuia Ukatili dhidi ya Wanyama, Sura ya 360, inahesabu kumtisha mnyama kikatili kuwa kosa kama ilivyo kumpiga. Kwa maneno mengine, banda lile la kuku halikupaswa kuwa langu. Siku ile, kila afisa niliyempigia kuuliza mbwa apelekwe wapi alinipa namba ya mwenzake.

Chama cha kutetea wanyama cha KSPCA, ambacho asili yake ni mwaka 1910, hupokea wanyama Nairobi na kuwatafutia makao. Ni kazi ya kusifiwa. Lakini kutoka Kisii hadi Nairobi ni takriban kilomita 300, na hakuna matatu itakayompakia Simba. Anayeokoa mbwa katika miji yetu, iwe Kisii au Mombasa, mara nyingi huokoa kwa ua wake mwenyewe na mshahara wake.

Kaunti haihitaji jengo la ghorofa. Vyumba vinne vya wavu nyuma ya ofisi ya mifugo vingetosha kumfungia mbwa aliyeuma kwa siku kumi. Orodha ya watu kumi wenye ua na subira, waliofundishwa, ingetosha kuwapokea kwa muda wale wanaotoka wazima. Leseni ya mbwa, badala ya kuwa karatasi ya kukusanyia ada, ingekuwa daftari la chanjo. Gharama yake iwekeni mkabala na sindano za mtoto mmoja, nauli za baba yake, na siku alizokosa kazi.

Sasa niseme na ndugu zangu wa Pwani, kwa sababu najua mnauliza. Sisi wengi tunafuata madhehebu ya Imam Shafi, na mate ya mbwa kwetu ni najisi nzito. Chombo alicholamba huoshwa mara saba, moja kwa udongo. Sikuacha hata moja. Simba alikuwa na sufuria yake, mimi nilikuwa na kanzu kuukuu ya kazi ya banda, na hakuwahi kuvuka kizingiti cha nyumba yangu. Mbwa wa kuwinda, wa mifugo na wa shamba wameruhusiwa, na wanazuoni wengi wameingiza humo ulinzi wa nyumba. Na sote tumesimuliwa tangu madrasa juu ya mtu aliyeshuka kisimani, akajaza kiatu chake maji, akamnywesha mbwa aliyekuwa akiramba udongo kwa kiu, na Mwenyezi Mungu akamsamehe. Twahara ni amri. Kurusha mawe si sehemu ya twahara.

Hakuna anayewataka mumkumbatie. Mbwa mwoga mwenyewe hataki kukumbatiwa. Anachohitaji ni chakula saa moja kila siku, kona yake, na watoto walioambiwa wamwache. Katika hilo, Mwislamu mwenye tahadhari anaweza kumlea mbwa wa namna hii vizuri kuliko mtu anayemng'ang'ania kwa mapenzi.

Wanaofikiria kumpokea mmoja, nitawaeleza niliyojifunza. Siku tatu za mwanzo msitarajie lolote zaidi ya kujificha. Wiki tatu, ataanza kujua ratiba ya nyumba. Miezi mitatu, pengine ataonyesha tabia yake halisi. Wengine huchukua mwaka. Mlango ufungwe kila mara, kwani mbwa mwoga akitoroka wiki ya kwanza hana nyumba anayoijua ya kurudia. Msimwogeshe siku ya kwanza. Mpelekeni kwa daktari, maana maumivu ya sikio au jino humfanya mnyama aonekane mkali. Mzoesheni kamba kidogokidogo, iwe dalili ya chakula badala ya kipigo. Kamba hiyo ndiyo itakayomfikisha kwenye chanjo mwakani. Na kama nyumbani mna watoto wadogo, fikirini mara mbili, kisha mara ya tatu.

Nami nilifikiri. Simba alikaa kwangu miezi saba. Alifungwa kizazi, akaota manyoya shingoni. Lakini ploti yetu ina watoto kumi na mmoja na lango linalobamizwa kutwa, na kila likibamizwa alirudi kuwa yule wa chini ya tangi. Kumpenda kwangu, kama ni kumpenda, hakukuweza kulibadilisha lango lile. Mwalimu mstaafu mwenye shamba la ndizi na chai nje ya mji, watoto wake wote wamekwisha kuhama, alikuwa na mbwa mzee mtulivu. Tulimpeleka Simba kwake mara tatu kwa kutembea kabla ya kumwacha. Alimfuata yule mzee wa mbwa kama mtoto anayemfuata kaka yake shuleni. Mara ya nne nilirudi na kamba mkononi.

Sitawadanganya kwamba amepona. Hadi leo mwanamume akiinua mkono kuchuma parachichi, yeye huingia migombani. Lakini siku ya chanjo mwaka huu mwalimu alinitumia picha kwenye simu: uwanja wa shule, foleni, na Simba amelala kwenye kivuli cha mbwa mzee, kamba shingoni, akingojea zamu yake.

Yule mtoto wa jirani naye ana kovu dogo kiganjani. Juzi nilimsikia akimkemea mwenzake mgeni aliyekuwa akimwokotea jiwe mbwa wa barabarani. "Usimwangalie machoni," alimwambia. "Pita tu."

Kile kibao cha MBWA KALI bado kipo langoni, na hakuna mbwa ndani. Nimemwomba mama mwenye nyumba akitoe. Amesema kinawatisha wezi. Labda. Ila kaunti zetu hazina kisingizio kama hicho. Zimebakiwa na miaka michache kufika 2030, na kati ya mbwa zinaotakiwa kuwachanja, wengi bado wako chini ya tangi.